Injini Inaponyamaza: Jinsi Gari Mseto Linavyochagua Nishati

Gari limesimama kwenye taa nyekundu. Mngurumo wa injini unakoma, ingawa dereva hakugusa ufunguo. Taa ya kijani inapowaka, gari linaondoka kimya kama baiskeli, na baada ya mwendo mfupi injini inawaka yenyewe. Abiria asiyelizoea gari la namna hii hudhani limeharibika, na fundi asiyelifahamu huweza kutafuta hitilafu isiyokuwapo. Kumbe gari limefanya kile hasa lililoundwa kukifanya.

Gari hilo huitwa gari mseto, au haibridi, kwa sababu huendeshwa na injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Wazo lenyewe si jipya. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ferdinand Porsche aliunda gari ambalo injini zake za petroli zilizungusha jenereta, na umeme uliopatikana ukaendesha mota zilizofungwa magurudumuni. Hata hivyo, gari mseto la kwanza kutengenezwa kwa wingi lilikuwa Toyota Prius, lililoanza kuuzwa nchini Japani mwezi Desemba 1997. Kwa kuwa magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani huletwa Afrika Mashariki kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, magari ya aina hii yamefika pia katika barabara na gereji zetu. Mfano utakaotumika katika makala haya ni Prius ya toleo la pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003.

Udhaifu wa injini ya petroli

Watu wengi hufikiri kwamba gari mseto hupata umeme wa bure. Sivyo. Gari hili halichomekwi katika umeme wa nyumbani. Nishati yake yote hutoka katika tangi la petroli. Basi, faida yake iko wapi?

Jibu limo katika tabia ya injini yenyewe. Injini ya petroli inapofanya kazi ya kutosha, huweza kugeuza takriban theluthi moja ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Sehemu iliyobaki hupotea kama joto. Lakini inapopewa kazi ndogo, ufanisi wake hushuka sana. Sehemu kubwa ya nguvu yake huishia katika kushinda msuguano wa ndani na katika kuvuta hewa kupitia njia iliyokaribia kufungwa. Gari likiwa limesimama huku injini ikinguruma, ufanisi ni sifuri: mafuta yanaungua, safari haisogei.

Kwa hiyo kanuni kuu ya gari mseto ni hii: injini izimwe pale ambapo ingefanya kazi vibaya, na iwashwe pale inapoweza kufanya kazi vizuri. Kompyuta ya gari hupima hali hiyo wakati wote, na kuamua.

Betri na breki

Betri ya Prius hiyo ina seli 168, kila moja ikiwa na volti 1.2, jumla yake ni volti 201.6. Hata hivyo, nishati inayoweza kuhifadhiwa ndani yake ni takriban megajuli 4.7 tu. Lita moja ya petroli ina takriban megajuli 32. Maana yake ni kwamba betri nzima hubeba nishati iliyo sawa na ile ya petroli ya kujaza kikombe kimoja cha chai. Tena, ili betri idumu, kompyuta hairuhusu chaji ishuke chini ya takriban asilimia 40 wala kupanda juu ya takriban asilimia 80. Ndiyo maana gari hili haliwezi kwenda kwa umeme peke yake zaidi ya kilomita chache.

Sehemu ya umeme huo hutoka katika breki. Mwanafunzi aliyewahi kupanda baiskeli yenye dainamo anajua kwamba dainamo inapogusa tairi, baiskeli huwa nzito. Uzito huo ndio gharama ya umeme unaowasha taa. Gari mseto hutumia jambo hilo hilo kwa kusudi: dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, hupunguza mwendo wa magurudumu na kuchaji betri.

Gari lenye uzani wa kilogramu 1,300 likienda kilomita 50 kwa saa, yaani takriban mita 13.9 kwa sekunde, lina nishati mwendo ya takriban kilojuli 125. Katika gari la kawaida nishati hiyo yote hugeuka kuwa joto kila linaposimamishwa. Gari mseto huokoa sehemu yake. Kwa sababu hiyo, faida yake huonekana zaidi katika misongamano ya mjini kuliko katika safari ndefu ya mwendo usiobadilika.

Injini huwaka lini?

Kwanza, huwaka dereva anapohitaji nguvu kubwa, kwa mfano anapopanda mlima au anapolipita gari jingine. Pili, huwaka chaji ya betri inapopungua. Tatu, gari lililolala usiku kucha huwasha injini asubuhi hata kama betri imejaa, ili injini na chombo cha kusafisha moshi kilicho katika bomba la ekzosi vipate joto linalotakiwa.

Sababu ya nne imo katika gia. Ndani ya mtambo kuna gia tatu zinazoshirikiana: gia ya jua yenye meno 30, iliyofungwa katika jenereta, gia za sayari, ambazo kibebeo chake kimeungwa na injini, na gia ya pete yenye meno 78, inayozunguka pamoja na mota na magurudumu. Injini ikisimama, kila mzunguko mmoja wa pete huizungusha gia ya jua kinyumenyume mara 78 ÷ 30, yaani mara 2.6. Gari likizidi kwenda kasi, jenereta nayo huzidi kuzunguka. Ili mtambo usipite kiasi, injini hulazimishwa kuzunguka gari likifika takriban kilomita 67 kwa saa. Lakini kuzunguka si lazima kuwe kuunguza mafuta: katika mteremko injini huweza kuzungushwa tu, petroli ikiwa imekatwa.

Ukimya wenye hatari

Maarifa haya si ya kutosheleza udadisi peke yake. Gari mseto lililonyamaza si lazima liwe limezimwa. Maadamu taa inayoonyesha kuwa gari liko tayari inawaka, injini huweza kuanza wakati wowote. Fundi aliyeingiza mkono karibu na mikanda anaweza kujeruhiwa, na gari lililoachwa hivyo katika banda lililofungwa linaweza kujaza humo gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua.

Nyaya zenye volti nyingi hufunikwa kwa rangi ya chungwa. Umeme wake unatosha kuua, na vifaa vyake huweza kubaki na chaji kwa muda hata baada ya gari kuzimwa. Asiyefunzwa kazi hiyo asiziguse kamwe.

Zoezi kwa wanafunzi

Kokotoa nishati mwendo ya gari lililotajwa likienda kilomita 100 kwa saa. Je, ni mara ngapi ya ile ya kilomita 50 kwa saa? Kisha eleza kwa nini dereva anayepunguza mwendo mapema na polepole huipa betri nafasi nzuri zaidi ya kupokea nishati kuliko yule anayefunga breki ghafla.