Usemi Halisi na Usemi wa Taarifa katika Kiingereza

Katika sarufi ya Kiingereza, maneno ya mtu huweza kuelezwa kwa njia mbili. Usemi halisi huyaleta kama yalivyotamkwa, ndani ya alama za mtajo: Juma said, "I am ill." Usemi wa taarifa huyasimulia: Juma said that he was ill. Hapo nafsi imebadilika, na kitendo nacho, kwa kufuata said, kimerudi nyuma. Vivyo hivyo, kwa kawaida will huwa would, na tomorrow huwa the next day.

Kiswahili hubadili nafsi, lakini mara nyingi wakati hubaki ule ule wa msemaji: Juma alisema kwamba yu mgonjwa. Basi mfasiri aandikaye alisema kwamba alikuwa mgonjwa huweza kumfanya msomaji adhani kuwa ugonjwa ulitangulia kusema kwake. Yakiwa ni maneno ya shahidi mahakamani, kosa hilo si dogo, kwani ushahidi wenyewe umegeuka. Hana budi kwanza kuurudisha usemi wa taarifa katika usemi halisi, ndipo aufasiri.