Uzito Ukae Chini, Lakini Si Sakafuni

Jiko la nyumba ya mjini Baraka hubeba uzito mwingi kuliko linavyoonekana ukiwa mlangoni. Ndani yake mna sufuria nene ya bugali, kinu cha kutwangia sombe, chuma cha chapati na chungu cha udongo. Kwa mama anayeoka mikate na keki za kuuza, kuna pia ile sufuria ya kuta nene inayowekwa makaa chini na kupaliwa makaa mengine juu ya kifuniko, hata ikafanya kazi ya tanuri. Vyombo hivi hununuliwa kwa nadra na hutumika miaka mingi. Pamoja na hayo, nyumba nyingi haziviandalii mahali pake: hurundikwa pembeni mwa ukuta, au hupandishwa juu ya kabati kwa kuwa hapo ndipo nafasi ilipobaki.

Fizi, eneo lenye mji wa Baraka, ina sababu ya pekee ya kuvitunza. Vita vya Kongo vya mwaka 1996 na 1998 viliwavusha watu wengi Ziwa Tanganyika hadi mkoa wa Kigoma, Tanzania, na kuanzia Oktoba 2005 meli za wakimbizi zilianza kuwarudisha kutoka bandari ya Kigoma mpaka Baraka. Kinu na sufuria ya kilo saba si vitu vya kukimbia navyo. Aliyerudi alilazimika kuvitafuta upya, kimoja kimoja, kwa fedha za samaki, za mihogo au za vibarua. Ndiyo maana nasema kwamba mahali pa kuweka chombo kizito ni suala la mali ya nyumba na usalama wa watu wake, na linastahili hesabu kama tunavyohesabu mbegu na karo.

Kanuni yenyewe ni fupi: chombo kizito kikae chini, kisizidi kimo cha kiuno, lakini kisiguse sakafu. Nitaeleza kila upande wa kanuni hiyo umetoka wapi.

Sufuria moja ina kilo ngapi?

Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki na Kati, sufuria nene hutengenezwa na mafundi wa mtaani. Hukusanya vipande vya alumini iliyochakaa, kama vile vipande vya injini, fremu za madirisha na sufuria zilizotoboka. Huviyeyusha kwa moto wa makaa, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, kisha humimina uji huo ndani ya kalibu ya mchanga. Ukuta wa sufuria inayotoka hapo ni mnene mara kadhaa kuliko ule wa sufuria nyepesi ya dukani, ndiyo sababu moto wake husambaa vizuri na bugali haishiki chini upesi.

Chukua sufuria yenye upana wa sentimita 40, kimo cha sentimita 25 na ukuta wa milimita 6. Yenyewe tupu, bila kifuniko, ina uzito wa kilo 7 hivi. Inabeba lita 31, kwa hiyo ikijaa maji inapita kilo 38. Ingekuwa ya chuma cha kumimina, yenye vipimo hivyohivyo, ingekaribia kilo 19 ikiwa tupu. Weka tatu za ukubwa tofauti, moja ndani ya nyingine, uongeze mifuniko, na tayari una mzigo ambao mtu mmoja hapaswi kuunyanyua kwa pamoja.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilirekebisha mwaka 1991 hesabu yake ya kunyanyua mizigo. Hesabu hiyo huanzia kilo 23, na hicho ni kiwango cha mzigo uliokaa mahali pazuri kabisa: mikono ikiwa sentimita 75 kutoka sakafuni, na mzigo ukiwa sentimita 25 tu mbele ya vifundo vya miguu. Ukitoka hapo, kiwango kinashuka. Mzigo ukiwa sakafuni, kilo 23 zinakuwa karibu 18. Ukiwa kwenye kimo cha mita 1.75, zinakuwa 16. Ukilazimika kunyoosha mikono mpaka mzigo uwe sentimita 50 mbele yako, zinabaki 11 na nusu. Sasa mfikirie mama mjamzito, au bibi mwenye maumivu ya kiuno, anayejinyoosha juu ya rundo la vyombo ili kutoa sufuria iliyo nyuma kabisa. Kilo 7 mahali pabaya zinaumiza kuliko kilo 15 mahali pazuri.

Ardhi inatikisika, maji yanapanda

Baraka iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ndani ya Bonde la Ufa, na ardhi ya bonde hilo haijatulia. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa hilihili, na nyumba zikaanguka Kalemie. Tarehe 3 Februari 2008 jingine la 5.9 lilipiga Bukavu na upande wa pili wa mpaka, Rwanda, na watu wakapoteza maisha. Tetemeko halina msimu wala halitoi taarifa. Sufuria inayoanguka kutoka kimo cha mita mbili hufika sakafuni kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa, na jikoni ndimo watoto wadogo wanamokaa karibu na mama zao. Basi chochote kinachozidi kilo mbili kisiwekwe juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, wala juu ya mahali watoto wanapolala au kulia chakula.

Upande wa pili ni maji. Mwezi Aprili 2020 mafuriko ya mto Mulongwe yalibomoa nyumba nyingi Uvira. Mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia katika mitaa ya ukingoni, Bujumbura, Uvira na Kalemie. Hata pasipo mafuriko, sakafu ya udongo hunyonya unyevu wakati wote wa mvua, kuanzia Oktoba hadi Aprili au Mei. Chuma kilicholazwa juu yake hushika kutu, kinu huoza kitako na kuingiwa na mchwa, na chungu hunywa maji kutoka chini.

Hivyo tetemeko linataka vyombo vishushwe, na maji yanataka viinuliwe. Yote mawili hukubaliana mahali pamoja: rafu imara ya ngazi mbili, iliyosimama sakafuni na isiyoning'inizwa ukutani.

Rafu ya kujijengea

Ukuta wa matofali mabichi au wa miti na udongo haushiki msumari vya kutosha kubeba sufuria nene. Msumari hukaa miezi michache, udongo unaouzunguka unalegea, na siku moja etajeri yote inashuka. Uzito sharti ufike ardhini kwa njia ya nguzo.

Jenga nguzo tatu fupi za matofali ya kuchoma, au simamisha miti migumu, na uache sentimita 60 kati ya nguzo na nguzo. Usiizidishe nafasi hiyo. Mzigo uleule, juu ya ubao uleule, hupinda ubao mara nane zaidi nafasi ikiongezwa mara mbili. Vivyo hivyo unene una nguvu kubwa: ubao wa sentimita 3 hupinda chini ya theluthi moja ya ule wa sentimita 2. Anayeona gharama ya ubao mnene ni kubwa, na aongeze nguzo.

Ngazi ya chini iwe sentimita 30 kutoka sakafuni, na ya juu iwe sentimita 75. Kina cha rafu kisizidi sentimita 45, ili kusiwe na chombo kinachojificha nyuma ya kingine. Badala ya ubao mpana usio na mwanya, panga fito au mbao nyembamba zenye mwanya wa vidole viwili, kama kichanja cha kuanikia vyombo, ili maji yatiririke na hewa ipite. Mbele ya kila ngazi pigilia ubao mwembamba wa kusimama wenye kimo cha sentimita 4. Ardhi ikitikisika, ukingo huo mdogo ndio unaozuia sufuria isiteleze. Mwisho, ifunge rafu kwenye nguzo ya nyumba kwa waya, juu, pande zote mbili, isije ikainama mbele.

Mahali pake ni upande wa mbabula, yaani jiko la makaa, hatua mbili au tatu kutoka motoni, pasipopita watu wenye haraka. Kila hatua unayoipunguza kati ya rafu na moto ni hatua ambayo hutembei na chombo kizito mikononi.

Kila chombo na desturi yake

Ngazi ya juu, ile ya sentimita 75, ni ya sufuria zinazotumika kila siku: ya bugali, ya sombe, ya samaki. Ngazi ya chini ni ya zile za mara moja kwa wiki, pamoja na sufuria ya kuokea. Ukizipachika, nzito iwe chini na zisizidi tatu. Kati ya moja na nyingine weka kipande cha gunia au katoni, ili zisikwaruzane na unyevu usinaswe. Usiiache sufuria ya alumini ikigusana na chombo cha chuma kikiwa na maji: penye unyevu, metali hizo zikigusana, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona vidoti vyeupe kisha vishimo.

Sufuria ihifadhiwe tupu na kavu. Hili nalisisitiza kwa sababu ya afya. Utafiti wa sufuria za alumini za mafundi wa Kameruni, uliochapishwa mwaka 2014, uligundua kwamba madini ya risasi hutoka ndani yake na kuingia katika chakula, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Nyanya, ndimu na chumvi huongeza kuliwa kwa metali. Kwa hiyo mchuzi wa mikeke uliobaki usilale ndani ya sufuria ya aina hiyo. Uhamishie kwenye bakuli la plastiki la chakula, la kauri au la enameli. Na unaposugua kwa jivu, suuza mara hiyohiyo. Jivu bichi likiachwa hula ngozi nyembamba inayoikinga alumini.

Chuma cha chapati kina adui mmoja, maji. Kikishaoshwa, kirudishe juu ya mbabula mpaka kikauke kabisa, kisha kipake mafuta kidogo sana kwa kitambaa na kukipasha mpaka kitoe moshi. Mafuta hugeuka gamba jeusi gumu linalozuia kutu. Hapa mafuta ya mawese, ingawa Fizi imebarikiwa nayo, hayafai sana: karibu nusu yake ni mafuta yasiyogeuka gamba, hivyo hubaki yakinata, yakashika vumbi na kuchacha. Alizeti au soya hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Chuma kisimamishwe wima ukingoni mwa rafu, kisilazwe chini ya sufuria.

Kinu ni kizito kuliko vyote na hakihitaji kupanda rafuni. Kiinue juu ya mawe matatu bapa au matofali mawili, mahali penye kivuli. Jua kali hukikausha upande mmoja kikapasuka. Sakafu mbichi hukiozesha. Kikishaoshwa, kilaze ubavu mpaka kikauke ndani, kisha kisimamishe kikiwa kimefunikwa, mende wasiingie. Mara moja kwa wiki angalia chini yake kama kuna vijia vya udongo vya mchwa. Mchi uegemezwe pembeni na kufungwa kwa kamba, kwa maana mchi ukianguka huvunja mguu wa mtoto.

Chungu kisibebe kitu juu yake. Kikalishe kwenye kata ya majani makavu ya mgomba, mdomo ukitazama chini, nacho kiwe kimekauka siku nzima kwanza. Mifuniko yote isimame wima katika fito mbili zilizopigiliwa ubavuni mwa rafu. Sufuria ikifunikwa ingali na unyevu hutoa harufu ya uvundo.

Sufuria za watu wengi

Yapo pia masufuria makubwa ya arusi na matanga, ya lita 50 na kuzidi, yanayomilikiwa na makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama. Mara nyingi hutunzwa nyumbani kwa mmoja wao, na kwa kuwa hayatumiki kila siku, ndiyo yanayopandishwa darini. Huko ndiko yasikotakiwa kuwa. Yawe na jukwaa lao, sentimita 30 juu ya sakafu, yakiwa yamefudikizwa, kila moja peke yake. Yabebwe na watu wawili, na kama mikono imelegea yapelekwe kwa fundi kabla ya sherehe, maana mkono wa sufuria hung'oka sufuria ikiwa imejaa na inachemka. Mwenye kutunza awe na daftari la nani amechukua nini na amekirudisha katika hali gani.

Wakati mzuri wa kuanza ni kiangazi, kati ya Juni na Septemba, miti na matofali yanapokuwa makavu. Siku ya kwanza toa vyombo vyote nje na uvipange kwa uzito, si kwa uzuri. Vile vyenye vishimo au mikono iliyolegea vitenge vya fundi. Pima kimo cha kiuno cha yule anayepika zaidi nyumbani, kwa sababu sentimita 75 zangu ni za kuanzia tu, na mwili wake ndio wenye neno la mwisho. Kisha, kabla fundi hajapigilia msumari wa kwanza, mweleze ni nini akina mama wa nyumba wataweka juu ya kila ubao, na kila kimoja kina kilo ngapi. Fundi akijua uzito, atajenga rafu ya uzito huo.