Mtetemo Usio wa Uwiano: Istilahi na Hisabati katika Mizani ya Kariakoo

1. Utangulizi

Jina Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakazi wa Dar es Salaam walilitohoa, na leo hakuna anayelihisi kuwa geni. Istilahi za sayansi hazipati bahati hiyo kila mara. Makala haya yanachunguza istilahi moja, mtetemo usio wa mstari, na kudai kwamba tafsiri hiyo sisisi inaficha dhana inayokusudiwa.

2. Mzigo mmoja, miendo miwili

Mchuuzi anapotundika mfuko wa dagaa kwenye kulabu ya mizani ya springi, mfuko hupanda na kushuka kabla mshale haujatulia. Mwendo huo tunauita kutetema. Akiusukuma kando, mfuko hubembea. Mwanafunzi aliyefundishwa istilahi "-a mstari" atasema kwamba kupanda na kushuka ni mtetemo wa mstari kwa kuwa njia yake imenyooka, na kwamba kubembea si kwa mstari kwa kuwa njia yake ni tao. Majibu yote mawili ni sahihi, lakini sababu zote mbili si sahihi.

Kinachoamua si umbo la njia, bali uhusiano wa kani na umbali. Springi inayofuata kanuni ya Hooke huvuta kwa kani inayowiana na mvutiko wake: umbali ukizidi mara mbili, kani nayo huzidi mara mbili. Kwa hiyo, muda wa mtetemo mmoja hautegemei upeo wake. Kwa mfuko unaobembea, kani inayourudisha huwiana na sini ya pembe, si na pembe yenyewe. Pembe ikiwa ndogo, tofauti haionekani: kwa upeo wa digrii 10, muda huongezeka kwa takriban asilimia 0.2 tu. Kwa digrii 60, huongezeka kwa takriban asilimia 7.

3. Springi inayokataa uwiano

Mfano unaoiangusha istilahi ya zamani ni springi iliyovutwa kupita kiasi. Mzigo bado unapita njia iliyonyooka, ilhali kani haiwiani tena na umbali. Katika kielelezo sahili, ambamo springi hukaza sawasawa pande zote mbili, mlinganyo wake ni ule uliochunguzwa na Georg Duffing katika kitabu chake cha 1918:

m·x″ + kx + αx³ = 0

Mlinganyo huu hutatuliwa kwa makadirio. Tukichukulia α kuwa ndogo na kusahihisha jibu hatua kwa hatua bila kugusa marudio, hujitokeza kijenzi kinachokua pamoja na wakati bila kikomo. Hilo haliwezekani, kwa kuwa hakuna nishati inayoingia kutoka nje. Mbinu ya Lindstedt na Poincaré huondoa kasoro hiyo kwa kuyasahihisha marudio yenyewe pia. Kwa upeo A, hupatikana:

ω ≈ ω₀(1 + 3αA²/8k)

Maana yake ni kwamba springi inayokaza hutetema kwa haraka zaidi kadiri upeo unavyoongezeka. Katika mtetemo wa uwiano jambo hilo halitokei kamwe.

4. Pendekezo

Neno uwiano limo katika hisabati ya shule ya msingi. Hivyo, mtetemo usio wa uwiano unamwelekeza mwanafunzi moja kwa moja kwenye kani na umbali. Inaweza kupingwa kwamba uwiano haubebi sifa nyingine ya milinganyo hii, yaani kwamba majibu mawili yakijumlishwa huzaa jibu jingine. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini neno mstari nalo haliibebi, na zaidi ya hapo linapotosha.

5. Hitimisho

Shule nyingi za sekondari nchini hufundisha fizikia kwa Kiingereza, huku mizani ikijadiliwa sokoni kwa Kiswahili. Istilahi inayochaguliwa kwa sura ya neno la kigeni huupanua ufa huo. Inayochaguliwa kwa kuzingatia dhana humwezesha mwanafunzi kurudi Kariakoo, kuutazama mshale unaochezacheza, na kueleza kwa lugha yake kwa nini unacheza hivyo.