Je, Wajua? Somo wa Mbinga alitoka Ireland

Je, wajua kwamba Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki la Mbinga, kwenye milima ya Wamatengo wakulima wa kahawa, limewekwa chini ya ulinzi wa mmisionari kutoka Ireland?

Ni Mtakatifu Kiliani. Katika karne ya 7 aliiacha nchi yake akaenda kuhubiri Injili Würzburg, Ujerumani, pamoja na padre Kolonat na shemasi Totnan. Mapokeo yanasimulia kwamba mtawala wa huko, Gozbert, aliipokea imani, lakini alikuwa amemwoa Geilana, mjane wa ndugu yake. Kiliani alimwambia waziwazi kuwa ndoa hiyo haifai. Gozbert aliposafiri, Geilana aliagiza wamisionari wote watatu wauawe. Ilikuwa yapata mwaka 689.

Ndiyo maana waamini humtazama kama kielelezo cha ujasiri: hakumwonea haya mkubwa.

Sikukuu yake ni Julai 8. Huko Würzburg, mafuvu ya wafiadini hao hubebwa kwa maandamano.

Jimbo la Mbinga lilimegwa kutoka Songea mwaka 1986. Tangu 1989 lina undugu na Jimbo la Würzburg, ambalo msimamizi wake ni Kiliani huyohuyo.