Amiri Ibrahimu na Kuanguka kwa Kilwa

Hapa Mwika tunaujua mfereji wa maji. Watu wa mfereji mmoja wakigombea zamu, hakuna anayekwenda kuusafisha. Mfereji huziba, na vihamba vya wote hukauka. Jambo kama hilo liliupata mji wa Kilwa zamani.

Mji wa dhahabu

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo katika Mkoa wa Lindi, kusini ya Dar es Salaam. Miaka 700 iliyopita palikuwa na mji mkubwa. Masultani wake walikuwa Waislamu. Dhahabu ilitoka bara, ikafika Sofala, katika nchi ya leo ya Msumbiji. Kutoka Sofala ilipitia Kilwa, na sultani alitoza ushuru. Kwa mali hiyo watu wa Kilwa walijenga msikiti mkubwa wa mawe. Walikuwa na sarafu zao wenyewe. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika, akausifu sana mji huo.

Ugomvi wa wakubwa

Baadaye wakubwa wa Kilwa waligombea utawala. Masultani waliwekwa na kuondolewa. Kufika mwaka 1500 mtawala alikuwa Amiri Ibrahimu. Yeye hakuwa sultani wa haki. Aliushika utawala kwa nguvu, na wengi hawakumkubali. Hata Sofala ilianza kujitenga.

Wareno wanafika

Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na merikebu zenye mizinga. Alitishia kuuharibu mji. Ibrahimu akalipa dhahabu. Wareno waliitumia dhahabu hiyo kutengeneza chombo cha kanisani. Chombo hicho kipo hadi leo mjini Lisbon.

Mwaka 1505 Wareno walirudi, wakiongozwa na Francisco de Almeida. Ibrahimu alikimbia. Mji ulitekwa na mali ikaporwa. Wareno walijenga ngome. Wakamtawaza Muhammad Ankoni, tajiri wa Kilwa aliyekuwa rafiki yao. Mwaka uliofuata aliuawa, na ugomvi ukazidi.

Je, miji jirani ilisaidia? Haikusaidia. Malindi ilikuwa rafiki ya Wareno. Mombasa nayo ilipigwa mwaka huohuo wa 1505, ikiwa peke yake.

Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome ya Kilwa. Lakini Sofala walikuwa wameishika. Dhahabu haikupita tena Kilwa kama zamani. Mfereji ulikuwa umekatwa juu.

Tunajifunza nini?

Mizinga ya Wareno ilikuwa na nguvu kweli. Lakini ilikuta mji uliokwisha kugawanyika. Mtawala asiyekubaliwa na watu wake hana wa kusimama naye siku ya hatari. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Leo magofu ya Kilwa yanahifadhiwa. Mwaka 1981 yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kilwa ilipata utajiri wake kwa njia gani?
2. Kwa nini watu wengi hawakumkubali Amiri Ibrahimu?
3. Katika kijiji chetu, ni ugomvi gani unaoweza kutudhoofisha sote? Tuumalize vipi?