Papa Potwe, Mwoga Mkubwa wa Kilindoni

Mbwa wa kilo 60 anaweza kulinda geti usiku kucha, akamtoa jasho mwizi, halafu asubuhi akajificha nyuma ya tangi la maji kwa sababu mtu amefungua mwavuli. Wafugaji wa mbwa wakubwa wana visa vingi vya namna hii: mashine ya kufyonza vumbi, puto la sherehe ya mtoto, ufagio ulioanguka kwa kishindo, beseni linaloburuzwa sakafuni, na ule mfuko wa plastiki uliokuwa ukipeperuka uani kabla haujapigwa marufuku nchini Tanzania mwaka 2019. Watu huangua kicheko. Mbwa mwenyewe mkia umeshaingia katikati ya miguu, masikio yamelala, na hata umwite kwa jina lake hasogei.

Kisiwani Mafia, mwoga wa aina hiyo hakai uani kwa mtu. Yuko baharini, na ni samaki mkubwa kuliko wote duniani.

Papa potwe huonekana kwa wingi katika maji ya Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa, kuanzia Oktoba hadi Machi, upepo wa kusi unapotulia na kaskazi kushika zamu. Ng'ambo ya mkondo ni delta ya Rufiji, ambayo humwaga rutuba ya bara baharini. Rutuba hulisha viumbe vidogo vidogo, navyo humleta potwe. Anayeonekana Mafia mara nyingi ana mita 6 au 7, yaani urefu wa basi dogo la Coaster, na uzito wake huhesabiwa kwa tani. Mgongo umejaa madoa meupe yaliyopangika kwa mistari, ndiyo maana Wakenya humwita papa shilingi. Kinywa chake akikipanua unaweza kudhani atameza ngalawa, kumbe koo ni jembamba na meno yake, ingawa ni maelfu, ni madogo kiasi kwamba hayamng'ati mtu yeyote. Anakula uduvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba Mafia potwe hufuata hasa mikusanyiko minene ya uduvi mdogo sana, unaoelea karibu na uso wa maji. Hutembea kinywa wazi, maji yakiingia mbele na kutokea kwenye matamvua. Vipimo vilivyofanywa Mexico vilikadiria kuwa papa wa mita 6 huchuja zaidi ya lita 600,000 za maji kwa saa moja.

Sasa mguse kwa kidole.

Au usimguse, maana matokeo yameshaandikwa na watafiti wa Australia na Ufilipino waliokaa miaka wakitazama potwe na waogeleaji. Mtu akimshika, akimmulikia taa ya kamera machoni, akimkatia njia kwa mbele au akimkaribia mno, jitu hilo hushtuka. Wakati mwingine mwili mzima hutikisika kwa ghafla. Wakati mwingine hubadili njia, au huinamisha kichwa na kuzama taratibu hadi kiza kimmeze, na muogeleaji abaki juu na mrija wake wa kupumulia. Upo pia mwondoko mmoja ambao ukiuona mara moja huusahau: potwe hulala ubavu na kumgeuzia mgongo anayemtisha. Ngozi ya mgongoni inaweza kuzidi unene wa sentimita 10, na ndiyo ngao yake. Tumbo ni laini, kwa hiyo hulificha upande wa pili.

Jicho nalo lina mambo yake. Ni dogo mno kwa kichwa kile kipana, liko pembeni karibu na kona ya mdomo, na halina kope la kulifunika. Mwaka 2020 watafiti wa Okinawa, Japani, walieleza kuwa mboni ya jicho la potwe imezungukwa na vijino vidogo vigumu, vya jamii ile ile ya magamba yanayofanya ngozi ya papa ikwaruze. Zaidi ya hayo, potwe huweza kulirudisha jicho ndani ya kichwa kwa karibu nusu ya kipenyo chake. Kwa hiyo ukimwogelea usoni na kamera, samaki mwenye tani kadhaa analivuta jicho ndani mpaka upite.

Kwa nini? Adui wa potwe mkubwa hawazidi vidole vya mkono mmoja. Nyangumi wauaji wamerekodiwa wakimwinda huko Ghuba ya California, na papa wakubwa humjaribu mara chache. Mwogeleaji wa kilo 70 aliyevaa miwani ya plastiki hamo katika orodha hiyo.

Jibu, kwa maoni yangu, tulitafute katika utoto wake. Mwaka 1995 wavuvi wa Taiwan walimvua potwe jike wa zaidi ya mita 10 akiwa na vijusi 300 tumboni. Wakubwa zaidi kati yao hawakufika sentimita 65. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2009, katika kijiji kimoja cha Ufilipino alipatikana potwe hai asiyefika nusu mita, amefungwa kamba mkiani kwenye kijiti kama mbuzi wa sadaka, kabla hajaokolewa na kuachiwa baharini. Potwe wa ukubwa huo ni kitoweo cha kila mwenye meno. Karibu na Mauritius, mmoja aliwahi kukutwa tumboni mwa nduwaro. Katika miaka hiyo ya mwanzo, kivuli kinachopita juu, kitu kinachogusa mkia na mwanga unaowaka ghafla vyote vina maana moja tu, na asiyeshtuka hakui. Potwe tunaowaona Kilindoni ni wale walioshtuka kwa wakati.

Kukua kwenyewe huchukua muda mrefu kupita kiasi. Watafiti waliosoma mabaki ya kaboni ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ndani ya pingili za uti wa mgongo walithibitisha mwaka 2020 kwamba potwe mmoja wa mita 10 aliishi miaka 50. Dume hukomaa akikaribia mita 9. Sasa rudi Mafia: wengi wa wanaotambuliwa pale ni madume ambao bado hawajafika hapo. Watalii hupiga picha na kuandika kwamba wameogelea na jitu la baharini. Wameogelea na kijana.

Hapo ndipo mbwa na potwe wanapokutana. Mtoto wa mbwa wa Great Dane huzaliwa na uzito wa karibu nusu kilo. Miaka ya 1960 wanasayansi wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walionyesha kwamba mbwa ana dirisha la kujifunza dunia ambalo hufunguka akiwa na wiki 3 hivi na kuanza kufungwa kuanzia wiki ya 12. Alichokiona, akakinusa na kukisikia ndani ya dirisha hilo huwa ni sehemu ya maisha. Kisichokuwemo, kwa mfano mwavuli unaojikunjua na kuongezeka ukubwa mara tano kwa sekunde moja, kinaweza kubaki jambo la kutisha hata baada ya mwili kuongezeka mara mia. Mwili hukua, lakini kipimo cha hatari alichojiwekea alipokuwa kitoto hakikui nao. Hakuna siku mbwa anaketi na kujipima upya.

Masikio huzidisha tatizo. Binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 kwa sekunde, mbwa hufika karibu 45,000. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza kwamba sauti inayowasumbua mbwa majumbani kuliko wamiliki wao wanavyodhani ni ule mlio mfupi, mwembamba, wa kifaa cha kugundua moshi betri inapokaribia kuisha. Mwenye nyumba huupuuza kwa wiki nzima. Huko Finland, uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki uliohusisha mbwa 13,700 ulikuta karibu theluthi yao wanaogopa sauti fulani, na hofu hiyo ilikuwa ya kawaida kuliko nyingine zote zilizochunguzwa. Kwa hiyo anayemcheka mbwa wa jirani ajue mbwa huyo ana wenzake wengi.

Tembo simweki kundi hili, ingawa watu hupenda kumtaja. Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walichapisha majaribio yao ya Kenya, ambapo sauti ya nyuki iliyochezwa kwenye spika ilitosha kuwaondoa tembo chini ya mti. Leo wakulima wa Kenya na Tanzania huzungushia mashamba uzio wa mizinga. Lakini nyuki humuuma tembo kweli, kwenye macho na ndani ya mkonga. Tembo anaogopa kwa ushahidi.

Kuna jambo la Mafia linalotatanisha picha hii, na ndilo linalonivutia zaidi. Potwe yule yule anayekimbia kidole huingia mwenyewe katikati ya wavuvi. Dagaa na samaki wengine wadogo hufuata chakula kile kile cha uduvi, na nahodha anayetafuta samaki anajua kwamba penye pezi la potwe hapakosi kitu. Wavu wa ringineti huzungushwa, potwe akiwa humo humo. Kuna injini, kuna makasia, kuna watu wanaopiga kelele na kuvuta kamba, na samaki anaendelea kupanua kinywa. Akizingirwa, wavuvi hushusha ukingo wa wavu na kumpa njia ya kutoka, kwa sababu potwe akijipinda ndani ya wavu hasara ni yao. Wapo potwe wanaotoka na makovu.

Mkufunzi wa mbwa hatashangaa. Mbwa anayeiogopa mashine ya kufyonza vumbi hufundishwa kwa nyama: mashine imezimwa kwenye kona, kipande cha nyama, mashine imesogezwa kidogo, kipande kingine, imewashwa chumba cha pili, kipande cha tatu. Njaa na hofu hugombea kichwa kimoja, na ukizipanga vizuri, njaa hushinda. Kwa potwe wa Kilindoni, bahari yenyewe ndiyo inayogawa nyama.

Ila kwa potwe ushindi huo una gharama. Tangu mwaka 2011, huko Oslob, Ufilipino, wavuvi hulisha potwe kwa mkono kila asubuhi ili watalii wawaone. Waliozoea hawashtuki tena kama zamani. Hufuata boti, kwa sababu boti imekuwa sahani. Miili yao imejaa makovu, na mengine ni ya mapanga ya injini na kamba za boti. Mbwa akizoea mashine ya vumbi, anapata raha. Potwe akizoea boti, anakatwa. Mafia haijaingia kwenye biashara ya kulisha, na mimi naona ni bahati inayostahili kulindwa kwa wivu.

Ulinzi wenyewe una tundu. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza Tanzania, iko zaidi upande wa kusini na mashariki: ghuba ya Chole, Juani, Jibondo. Potwe hawakuulizwa mpaka ulipochorwa, nao hula magharibi, Kilindoni, nje yake. Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha wanahama kwenda mbali. Mwaka 2015 vipokea sauti vilivyotegwa chini ya bahari vilitoa siri: wengi wao wapo mwaka mzima, isipokuwa husogea mbali na pwani na kushuka chini zaidi. Hutambuliwa mmoja mmoja kwa mpangilio wa madoa nyuma ya matamvua, kwa programu iliyotokana na hesabu za wanaastronomia za kulinganisha picha za nyota. Maana yake ni kwamba kijana aliyesumbuliwa Desemba ana nafasi kubwa ya kuwa ndiye huyo huyo wa Januari, na wa mwaka unaofuata.

Kwa hiyo kazi inabaki mikononi mwa nahodha na mwongoza wageni. Kanuni za maeneo mengi duniani zinafanana: kaa mita 3 kutoka kiwiliwili na 4 kutoka mkiani, usiguse, usiwashe mwanga wa kamera, usimkate mbele, ingia majini polepole bila kuruka. Wageni husahau nusu ya maneno hayo wakishaona pezi. Akisahau yote, muogeleaji aangalie mgongo. Ukianza kuinama kuelekea upande wake, madoa yakionekana mengi zaidi kuliko dakika iliyopita, ameshakaribia mno, na ana sekunde chache za kurudi nyuma kabla samaki hajaamua kuzama.