Marehemu Sheikh Nabhany, Mtunzaji wa Maneno

Katika nyumba nyingi za Rwamishenye, baada ya swala ya Isha, watoto huketi mbele ya luninga. Ni wachache miongoni mwao wajuao ya kuwa neno hilo lilizaliwa pwani ya Kenya likiwa «runinga», na kwamba aliyelitunga ni mzee wa Kiislamu wa Lamu, Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki dunia mwaka 2017. Huku kwetu ulimi umeigeuza r kuwa l, nalo neno likaendelea na safari yake.

Marehemu alizaliwa mwaka 1927 katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, penye mafundi mashuhuri wa majahazi. Bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, alikuwa mshairi, na kwake yeye ndiko alikojifunza utungo. Baadaye alifanya kazi katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ndani ya Fort Jesus, Mombasa, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa mwaka 1698, na Waingereza wakaifanya gereza kabla haijawa makumbusho.

Ndugu msomaji, makumbusho huhifadhi mizinga, vyungu na milango iliyonakshiwa. Walakini neno haliwekeki katika kabati la kioo. Jahazi laweza kubaki ufukoni miaka mingi baada ya fundi kuzikwa, lakini nani ataujua ubao huu waitwaje, na kamba ile kazi yake nini? Nabhany aliliona jambo hilo mapema. Katika utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, alikieleza chombo cha Lamu, ujenzi wake na safari yake baharini, kwa majina ya mafundi wenyewe. Kabla yake alikuwa ametoa Mwangaza wa Diniy, mwaka 1976, kuwafunza watu dini yao kwa mashairi.

Mwaka 1985 ukatoka Umbuji wa Mnazi. Mtoto wa Bukoba aweza kudhani kuwa nazi ni nazi tu. Mtu wa pwani huanza na kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo iwe nazi; na ikiisha kuvunjwa, kuna kumbi, kifuu, tui na machicha, kila kimoja na kazi yake. Yote hayo ni elimu ya nyumbani, ambayo hupotea bila kelele. Alipotaka jina la kitu kipya, alipenda kulitafuta kwanza katika lahaja na maneno ya kale. Si kila neno alilolipendekeza lililokubaliwa; mengine yalichekwa. Yeye aliendelea, na mwaka 2012 ikatoka kamusi yake, Kandi ya Kiswahili.

Nasi wa Kagera tunao mgomba. Hivi karibuni nilimwomba bibi mmoja wa Rwamishenye anitajie aina za ndizi zilizokuwa shambani kwao alipokuwa msichana. Alizitaja upesi kuliko kalamu yangu, huku akieleza ipi ni ya kupika, ipi ya kuchoma, ipi ya kukamua. Mjukuu wake, kijana wa sekondari, alizijua mbili. Akachukua daftari lake la shule, akaketi karibu na bibi, akaanza kuandika. Adhana ya Magharibi ilitukuta katika jina la kumi na moja.